Mpya, mtumba, simu au sanduku zima? Njia nne za kuupata mfululizo wa fantasia ukiwa Uganda

Mpwa wangu aliniandikia Jumapili moja saa tano za usiku: "Senga, nimelipwa laki tatu. Ninunueje?" Hakusema anunue nini, na hakuwa na haja. Wiki mbili nzima alikuwa hana habari nyingine ila ule mfululizo wa juzuu saba. Ya kwanza aliiazima kwa mwenzake wa hosteli huko Mbale, akaibugia kwa siku mbili, akairudisha, akabaki anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Na njaa hiyo hakuwa nayo peke yake. Kila sura aliyoisoma kwa Kiingereza alimpigia bibi yake Malaba akamsimulia kwa Kiswahili. Kwa hiyo wasomaji ni wawili: mmoja Mbale, na mwingine Malaba, mama yangu mzazi, mwanamke wa miaka sabini na kitu anayetaka kujua kama yule kijana aliyeachwa nje ya lango la ngome alifunguliwa.

Mfululizo wenyewe siutaji. Kila msomaji wa fantasia ana wake, na ukiutaja wako watu huanza kubishana badala ya kusoma.

Njia alizokuwa anazipima ni nne: anunue juzuu mpya mojamoja dukani Kampala, awinde mitumba kwa wachuuzi, asome kwenye simu au Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali, au aagize seti nzima kutoka nje, ikiwa ndani ya sanduku lake. Nimezipitia zote, na kila moja imewahi kunifurahisha na kuniudhi. Nikamrudishia maswali kwanza.

Maswali yanayopima

La kwanza, na kwangu ndilo kubwa: juzuu zote utazipata, na kwa mpangilio? La pili: itakugharimu kiasi gani mpaka juzuu ya mwisho, si ya kwanza tu? La tatu: utasomea wapi, saa ngapi, na kwa mwanga gani? La nne: ukishamaliza, mkononi utabaki na nini?

Watu wengi huanza na bei. Mimi naanza na mwendelezo kwa sababu niliwahi kuumia. Nilipokuwa kidato cha pili nilikuta kwenye kabati ya shule kitabu kinene chenye joka jalada zima. Nilikisoma kurasa mia za mwanzo bila kuelewa nani ni nani, nikajisemea kwamba mwandishi huyu ni mtu wa kina kirefu sana. Kumbe ilikuwa juzuu ya pili. Ya kwanza niliipata miaka minne baadaye, ya tatu niliipata nikiwa tayari naajiriwa, na kufikia hapo nilikuwa nimeshawatungia wale watu mwisho wangu mwenyewe, na mwisho wa mwandishi haukunipendeza kama wangu. Riwaya moja ukiikosa umeikosa, basi. Mfululizo ukikatika katikati unakaa nao kama mwiba wa samaki kooni.

Je, juzuu ya nne ipo?

Duka la vitabu vipya kwanza. Kampala ina maduka mazuri. Aristoc pale Kampala Road ndilo ambalo wengi wetu tulipelekwa na wazazi kununua vitabu vya shule tukaishia kuchungulia rafu za riwaya. Ila maduka mengi yana tabia moja: huleta juzuu ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayovuta wapya, na juzuu iliyotoka karibuni, kwa kuwa ndiyo inayozungumzwa. Za katikati huziona kwa nadra. Dawa yake ni kuuliza. Wauzaji wengi watakuagizia ukilipa kianzio, na ukisubiri wiki kadhaa utaipata. Ulizia juzuu ya tatu siku unayonunua ya pili, usingoje uimalize.

Mitumba ni bahati nasibu, na ndiyo utamu wake pia. Vitabu hivi huja kwa kontena kutoka Uingereza na Marekani, vingine vikiwa bado na mhuri wa maktaba ya mji fulani wa huko, na mchuuzi hana namna ya kujua kesho ataletewa nini. Unaweza kupata ya tano leo na ya tatu mwezi wa nane. Tangu wachuuzi wengi waondolewe barabarani mwaka 2022, wengine wamehamia ndani ya arkedi, yale majengo ya maduka, na wengine wanauza kwa picha za WhatsApp, kwa hiyo mchuuzi mmoja anayekufahamu na anayejua unachotafuta ana thamani kuliko kuzunguka mji mzima kwa miguu.

Kwenye mitumba kuna mtego mmoja ambao ningependa mtu angeniambia mapema. Kitabu kimoja kinaweza kuwa na jina moja Uingereza na jina jingine Marekani. Juzuu ya kwanza ya mfululizo wa Philip Pullman ilitoka Uingereza mwaka 1995 kwa jina la Northern Lights, na Marekani ikaitwa The Golden Compass. Kwa kuwa mizigo inatoka nchi zote mbili, hapa Kampala utakuta majina yote mawili kwenye rundo moja, na mtu mwenye pupa atanunua vyote akidhani kimoja ni mwendelezo wa kingine. Kabla ya kulipa fungua ukurasa wa haki miliki, nyuma ya ukurasa wa jina. Mara nyingi jina la awali limeandikwa hapo. Angalia na mgongo wa kitabu, kwani wachapishaji wengi huweka namba ya juzuu hapo.

Kwenye simu jibu ni fupi: mara nyingi zote zipo, kwa mpangilio, saa yoyote. Saa nane usiku umemaliza ya tatu, saa nane na dakika mbili umeanza ya nne. Kwa kigezo hiki hakuna njia inayoifikia.

Sanduku nalo hukupa zote kwa mpigo, zikiwa na majalada ya sura moja, migongo imepangwa ikaunda picha. Lakini soma maandishi ya sanduku. Seti haimaanishi kwamba hadithi imekwisha. George R. R. Martin alitoa juzuu ya tano ya mfululizo wake mwaka 2011, na hadi ninapoandika haya ya sita haijatoka. Sanduku la juzuu zake tano ni zuri, ni zito, na halina mwisho. Kabla ya kuagiza sanduku lolote uliza swali la kizamani: mwandishi amemaliza?

(Mtu ataniuliza, na kwa Kiswahili je? Shaaban Robert alitupa nchi inayoelea angani, Kusadikika, tangu mwaka 1951, kwa hiyo si kwamba lugha haiwezi. Mifululizo mirefu ya juzuu sita, saba, ndiyo bado tunaidai. Baraza la mawaziri lilikubali Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Labda mmoja wa watoto hao atatuandikia. Mpaka hapo, mama yangu anategemea tafsiri ya mjukuu wake, ambayo nina hakika imeongezwa chumvi.)

Gharama hadi juzuu ya mwisho

Nitatumia bei nilizolipa mimi, maana bei za vitabu vinavyotoka nje hupanda na kushuka na dola.

Riwaya mpya ya mwisho niliyonunua dukani, yenye jalada jepesi, ilinitoa shilingi 65,000. Zidisha kwa saba: 455,000. Laki tatu za mpwa wangu zingeishia juzuu ya nne na chenji ya roleksi chache, zile chapati za mayai. Duka jipya, hata hivyo, lina faida ambayo watu wa mishahara ya vibarua wanaielewa: hulipi zote siku moja. Juzuu moja kila mwezi ni mzigo unaobebeka, na kusubiri mshahara kunakupa muda wa kuirudia ile uliyo nayo.

Mitumba nimenunua kati ya shilingi 8,000 na 15,000, kutegemea unene na uso niliovaa siku hiyo. Usionyeshe kwamba hiyo ndiyo juzuu unayoitafuta kwa miezi sita. Chukua vitabu vitatu, uliza bei ya vyote, kisha rudisha viwili. Saba zikipatikana zote, hata laki moja na nusu hufiki. Ongeza nauli ya kuzitafuta, na uwe mkweli: mimi nimewahi kutumia elfu ishirini za boda na takisi kufuata kitabu cha elfu kumi.

Angalia pia usiuziwe nakala ya wizi iliyochapwa upya na kuwekwa katikati ya mitumba halisi. Jalada lake huwa limefifia kama picha ya pasipoti iliyofuliwa, maandishi yamepinda kwenye ukurasa, gundi ya mgongo inapasuka ukifungua. Vitabu vingi huchapwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo fungu likisahaulika kiwandani hupotezi ukurasa mmoja, unapoteza 16 au 32 kwa mkupuo. Yangu ilikosa zote za vita vya mwisho. Niliona watu wanapanda farasi kwenda vitani, nikafungua ukurasa, wanazika. Sasa kila kitabu nakipitia namba za kurasa katikati kabla ya kutoa pesa, na mchuuzi wangu ameshazoea.

Kitabu cha kidijitali cha mwandishi anayeuza sana mara nyingi nimekilipia dola 8 au 9, yaani shilingi elfu thelathini na kitu. Wengi hudhani gharama ni bando. Ni kweli tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, ulioletwa badala ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, lakini riwaya isiyo na picha ni faili dogo, MB chache tu. Juzuu saba zote hazifikii video moja ya harusi ambayo shangazi mwingine amekutumia bila kuulizwa. Tatizo ni malipo yenyewe. Maduka mengi makubwa ya nje yanataka kadi, na benki inabadilisha dola kwa kiwango chake na kuongeza ada yake. Kama huna kadi, huenda ukaazima ya mtu, na kadi ya kuazima ina mwenyewe anayekuuliza kila siku unasoma nini.

Humo humo kwenye simu kuna mlango wa bure na halali ambao wasomaji wengi wa hapa hawaujui. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina maelfu ya vitabu ambavyo haki zake zimeisha. L. Frank Baum aliandika juzuu 14 za nchi ya Oz, zilizotoka kati ya 1900 na 1920, ya mwisho ikitoka baada ya kifo chake, na zipo bila senti. Si kila mtu atapenda lugha ya zamani. Ila kwa mtoto wa miaka kumi anayetaka kuonja mfululizo mrefu, ni juzuu 14 kwa bei ya kuchaji simu. Yale mafaili ya PDF yanayozunguka kwenye makundi siyaweki kwenye ulinganisho huu. Sheria ya haki miliki ya mwaka 2006 inayakataza, na mwandishi hali chochote humo.

Sanduku: seti yangu ya mwisho ilikuwa pauni 45 huko London, yaani laki mbili na kitu kwa pesa yetu, nafuu kuliko kununua mojamoja. Hesabu haiishii hapo. Ilikuwa na uzito wa kilo nne, na gharama ya kuisafirisha kwa kampuni ya vifurushi ingelingana na seti yenyewe. Hata kama forodha haitakudai kitu, ada za msafirishaji si za forodha, na hizo hudaiwa. Njia ya wajanja ni binamu anayekuja Krismasi. Mwandikie mwezi wa tisa, maana mwezi wa kumi na moja begi lake litakuwa limeshajaa viatu vya wengine. Anayeishi mashariki kama sisi anaweza pia kuulizia Nairobi na kuletewa kwa basi la usiku linalovuka Busia au Malaba. Kifurushi hupokelewa ofisi ya basi asubuhi.

Na kabla ya kununua vipande, ulizia kama kuna toleo la juzuu zote ndani ya kitabu kimoja. Tolkien aliandika The Lord of the Rings kama kazi moja. Mchapishaji wake wa London ndiye aliyeikata mara tatu, ikatoka kati ya 1954 na 1955, kwa sababu karatasi baada ya vita ilikuwa ghali. Leo toleo la pamoja lipo, na mara nyingi bei yake iko chini ya tatu zikinunuliwa moja moja. Kulisomea kitandani ni kama kulala na tofali kifuani.

Kuubugia: wapi, lini, kwa taa gani

Hapa ndipo watu husahau maisha yao halisi. Wananunua kwa ajili ya yule msomaji wa kwenye picha, mwenye kiti cha baraza na kikombe cha chai, wakati wao wenyewe husoma kwenye takisi ya abiria kumi na wanne kati ya Mukono na Kampala, kiwiko cha jirani mbavuni.

Kwenye takisi, simu inashinda. Unaishika kwa mkono mmoja, mwingine unapokea chenji ya kondakta. Ila shika vizuri ukiwa dirishani, hasa jamu ikisimama. Mkono wa mtu unaweza kuingia ukatoka na juzuu zote saba. Mtumba wenye jalada jepesi unafuatia, na una sifa moja kubwa: hakuna mwizi anayeutaka.

Umeme ukikatika usiku, simu yenye chaji ni taa na kitabu kwa pamoja, na unasomea ndani ya chandarua bila mbu kujua. Ikiwa haina chaji, huna kitabu wala taa wala simu. Kindle ina nafuu kubwa hapa: chaji yake hukaa wiki kadhaa, na kioo chake hakichomi macho juani. Kitabu cha karatasi kinataka taa ya sola au mshumaa, na anayesoma kwa mshumaa chini ya chandarua nitamwita mjinga hata kama ni mpwa wangu.

Kasi ya kusoma pia hubadilika na chombo. Kwenye simu nasoma haraka na nasahau haraka. Ujumbe unaingia, natoka ngomeni, naenda kumjibu mtu wa kikoba, nikirudi joka limeshatua na sikumbuki lilitoka wapi. Kwenye karatasi naona unene uliobaki upande wa kulia ukipungua, na huzuni inaanza kunipata kurasa hamsini kabla ya mwisho. Fantasia nyingi zina ramani mbele, na ramani kwenye simu ni adhabu: unaivuta, inakuwa ukungu, unairudisha, umepoteza ukurasa. Kama mfululizo wako una falme tisa na safari za baharini, hili lina uzito. Kama hadithi nzima iko ndani ya shule moja, halina.

Sanduku lina hatari yake ya pekee. Zote saba zikiwa mezani hakuna kinachokuzuia. Nilipopata seti yangu nilichukua likizo ya siku tatu nikisema nina homa, na kweli kufikia siku ya tatu nilikuwa nayo. Nilizimaliza zote ndani ya siku kumi na moja, halafu nikaingia kwenye ukiwa ambao sikuutarajia. Aliyenunua dukani mojamoja kwa miezi saba aliishi na watu wale miezi saba, akawakisia, akagombana na marafiki juu yao, akaota nao. Mimi niliishi nao kama mgeni wa mazishi. Sisemi nilikosea. Siku zile kumi na moja nazikumbuka kuliko mwaka uliozizunguka.

Mitumba hukulazimisha kasi ambayo hukuichagua, na wengine huipenda hiyo. Rafiki yangu mmoja amekuwa akisoma mfululizo mmoja tangu alipoolewa. Ana watoto watatu sasa na bado hajapata ya sita. Nilimwambia nitamnunulia kwenye simu. Alikataa kwa ukali.

Kinachobaki mkononi

Karatasi mpya ikitunzwa inakaa. Maadui wake hapa ni unyevu wa masika na mchwa. Usiweke rafu ikagusa ukuta wala sakafu ya udongo. Nakala mpya pia ndiyo inayofaa zawadi, na ndiyo ambayo mwandishi anapata chake.

Mtumba unabaki nao, ukiuchoka unauuza tena au unabadilishana, na hauumii sana mtu akiuazima asirudishe. Nasema hauumii sana.

Cha kidijitali hakiazimishiki kwa urahisi, na kwa maana halisi si chako, umenunua ruhusa. Julai 2009 Amazon, kampuni yenye Kindle, ilifuta kutoka kwenye Kindle za wateja nakala za vitabu viwili vya George Orwell kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki, na kimojawapo kilikuwa 1984, kitabu cha serikali inayofuta maandishi. Walirudishiwa pesa na kampuni ikaomba radhi. Februari 2025 kampuni hiyo iliondoa njia ya kupakua vitabu kwenye kompyuta ili kuvihamisha kwa waya. Hilo halimzuii mtu kusoma. Linakuambia tu nani ameshika ufunguo wa kabati. Kwa upande mwingine, mtu anayehamahama vyumba vya kupanga Kampala kila mwaka atakuambia kwamba kabati lisilo na uzito ni baraka.

Sanduku linabaki kama samani. Linakaa sebuleni, wageni wanaliona, watoto wa nyumba nzima wanapitia humo mmoja baada ya mwingine. Ukigawa laki mbili kwa binamu watano wanaosoma, bei inakuwa nafuu sana. Tatizo ni pale binamu mmoja anapopoteza ya nne.

Kuazima nakutaja kwa haraka tu, kwa kuwa swali lilikuwa kununua. Maktaba ya umma iliyoko Buganda Road inafaa kuonja kabla ya kutoa pesa, na makundi ya wasomaji na waandishi kama yale ya FEMRITE, chama cha waandishi wanawake, pale Kamwokya yana watu wenye rafu nono na mioyo laini.

Wewe uko wapi?

Kama hujawahi kusoma hata juzuu moja ya mfululizo huo, usinunue kitu bado. Soma kionjo cha bure kwenye simu, au nunua mtumba wa kwanza, na ukifika sura ya tano bila kupiga miayo ndipo uanze kupanga pesa.

Kama una mshahara mdogo unaoingia kila mwezi, unaishi au unapita Kampala, na unapenda kusubiri kuliko unavyokiri, duka jipya litakufaa. Mpe muuzaji oda ya mbele.

Kama una muda kuliko pesa, na kuwinda kwenyewe kunakupa raha, mitumba ni yako. Weka kwenye simu orodha ya juzuu ulizo nazo na majina yao mawili mawili, la Uingereza na la Marekani. Usiichague njia hii kwa mfululizo unaokunyima usingizi.

Kama uko Moroto, Kisoro au Adjumani, mbali na duka lolote la riwaya, na una kadi, simu au Kindle ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na Kindle ikiwezekana kama umeme wenu ni wa kubahatisha. Mwenye macho yanayouma usiku asijidanganye na simu.

Kama mfululizo umekwisha, unajua unaupenda, na nyumbani kuna wasomaji zaidi ya mmoja, subiri sanduku na umtafute binamu mapema. Kama haujakwisha, nunua mojamoja kwa njia yoyote ile.

Kuchanganya pia kunaruhusiwa. Mpwa wangu alipomaliza kunijibu maswali alinunua juzuu ya pili kwenye simu usiku uleule, kwa kadi yangu, nami sikumuuliza anasoma nini. Pesa zilizobaki aliziweka kwenye MoMo, akiba ya kwenye simu, kungoja sanduku la mwezi wa kumi na mbili. Asubuhi nilipigiwa simu kutoka Malaba kabla sijapiga mswaki. Lango lilifunguliwa, mama akaniambia, lakini aliyelifungua si yule tuliyemdhania.